Kwa nini bogenvilia za Julai zilioza Ngong Road

Kipandikizi cha bogenvilia kinaweza kuchipua majani mabichi, kikamfurahisha aliyekipanda, na wakati huohuo kikawa kinakufa. Kisa ninachokichambua hapa ni cha vipandikizi vya namna hiyo, mia kadhaa, vilivyopandwa mwanzoni mwa Juni katika kitalu kimoja kando ya Ngong Road, Nairobi, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Kufikia wiki ya tatu ya Julai vingi vilikuwa vimeoza kuanzia chini. Mwenye kitalu ni mama aliyeuza miche kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tunaojiita washauri, na ameniruhusu nieleze kila kitu isipokuwa jina lake.

Kulikuwa na oda. Kamati ya wakazi wa mtaa mmoja wa Lang'ata ilitaka bogenvilia nyekundu za kuzungushia ua wao, zipandwe mvua za vuli zikianza Oktoba, na ilikuwa imekwisha kutoa arbuni. Mama alihesabu miezi akaona Juni inamtosha. Akakata matawi kwenye miti yake mitatu iliyoko langoni: ya zambarau, nyekundu, na ile nyeupe yenye maua yaliyobanana kama fundo. Alichagua vizuri. Alichukua mbao zilizokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri, akakata chini ya jicho, pale chipukizi hutokea. Akavichovya katika unga wa kuotesha mizizi alionunua duka la pembejeo ukiwa umepimwa kwenye karatasi, bila kibandiko chochote. Akavipanda kwenye paketi za maziwa za nusu lita zilizojazwa udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, akaviweka chini ya neti ya kivuli, akavimwagilia kila asubuhi maji ya pipa.

Hivyo ndivyo alivyozoea kufanya Mombasa, alikofanya kazi kwenye bustani za hoteli kabla ya kurudi bara. "Kule ukichomeka kijiti unajua kimeshika," aliniambia. "Hapa naona majani, nashukuru Mungu, halafu navuta kidogo, kinatoka kizima kizima na harufu."

Aliponiita tayari alikuwa na maelezo mawili. La kwanza, unga ulikuwa bandia. La pili lilinihuzunisha zaidi: kwamba kijana anayemsaidia ana mkono usiootesha. Watu wengi huamini hivyo, na simdharau mtu kwa imani yake, lakini kijana huyu alikuwa karibu kupoteza kazi kwa sababu ya mkono wake. Kwa hiyo nilitaka jambo hilo litazamwe kabla ya mengine yote.

Lilitazamwa na likaisha upesi. Safu nne za kwanza mama alizipanda mwenyewe, zilizofuata zikapandwa na kijana, na uozo ulikuwa umepita kote bila kubagua. Unga nao ulitoa jibu kama hilo. Uliwaishia kabla ya safu ya mwisho, kwa hiyo kulikuwa na vipandikizi visivyoonja unga kabisa, navyo vilikuwa vimeoza sawa na vilivyochovywa. Sisemi kwamba unga ule ulikuwa mzuri. Homoni iliyomo kwenye unga wa namna hii, ambayo kwenye vibandiko huandikwa IBA, huuzwa kwa viwango tofauti, mara nyingi asilimia 0.1 kwa matawi laini, 0.3 kwa yaliyoanza kukomaa na 0.8 kwa mbao ngumu. Unga usio na kibandiko hauwezi kukuambia ni upi kati ya hiyo, wala umekaa dukani muda gani. Ila hata unga bora kabisa hauzuii kuoza. Kazi yake ni kuhimiza mizizi mahali ambapo mizizi inaweza kuota.

Je, pale ingeweza kuota?

Nilichomeka kipimajoto ndani ya paketi alfajiri, kabla ya umwagiliaji. Kilisoma nyuzi 13. Saa saba mchana, siku ya mawingu kama zilivyo nyingi za Julai, kilisoma 17. Anayeishi Nairobi hatashangaa. Jiji liko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, Ngong Road ikiwa juu zaidi kidogo, na Julai ya kawaida usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12 huku mchana ukifika 22 kwa taabu. Mombasa mwezi huohuo usiku haushuki sana chini ya 20. Bogenvilia huotesha mizizi vizuri pale kitako cha kipandikizi kinapokaa kati ya nyuzi 21 na 27. Kwa hiyo kile kilichokuwa elimu sahihi Mombasa kilipanda na mama hadi Ngong Road, kikakuta udongo mwingine kabisa.

Hapa watu hunipinga, na wana haki ya kuuliza: mbona bogenvilia zenyewe zinachanua kwenye kila ua wa Nairobi, Julai hiyohiyo? Mti mzima na kijiti kilichokatwa si kitu kimoja. Mti mzima una mizizi iliyoshuka kwenye udongo wa ndani ambao haubadiliki haraka usiku na mchana, una akiba ya chakula kwenye shina, na hauhitaji kuunda kiungo kipya ili uone kesho. Kijiti hakina chochote cha hayo, isipokuwa akiba ndogo ya wanga ndani ya mbao zake. Tukumbuke pia mmea huu umetoka wapi. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliuchukua Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa kwenye safari ya baharini ya Louis-Antoine de Bougainville, ambaye mmea ulipewa jina lake. Ni mmea wa pwani yenye joto. Umezoea kuishi Nairobi, lakini kuzaliwa upya kwenye baridi ni kazi nyingine.

Baridi peke yake, hata hivyo, haikueleza kila kitu nilichokiona. Ukutani upande wa magharibi, ambako kitalu kinapakana na kibanda cha kuuza githeri, kulikuwa na safu fupi iliyokuwa hai. Ukuta ni wa mabati, na nyuma yake sufuria kubwa hukaa jikoni tangu kabla ya mapambazuko hadi jioni. Mabati yale ukiyagusa yana joto. Udongo wa paketi zilizoyaegemea ulisoma nyuzi 19 alfajiri. Tulipasua paketi chache tukaosha udongo taratibu, na mizizi ilikuwepo: myeupe, myembamba, ikikatika kwa kuguswa tu, kama ilivyo mizizi yote michanga ya bogenvilia.

Ungeweza kusema kesi imekwisha. Lakini kibanda kile kina paa lililochomoza upande wa kitalu, na safu ile ilikuwa chini yake. Haikunyeshewa na manyunyu, na kijana alikiri kwamba mpira wa maji haukuifikia vizuri. Basi kilichoiokoa ni joto au ukavu? Majibu haya mawili yanapeleka mkulima njia mbili tofauti. Ikiwa ni ukavu, dawa ni kupunguza maji tu na haigharimu kitu. Ikiwa ni joto, kuna kazi.

Kilichotusaidia ni kundi la tatu, ambalo hakuna aliyelikusudia. Nafasi ilipojaa, kijana alipanga paketi zilizobaki chini ya mchirizi wa stoo, upande wa mashariki. Pale pana paa vilevile, mpira haufiki vilevile, ila hakuna jiko. Alfajiri udongo wake ulisoma nyuzi 14. Tulipasua hizo nazo. Vipandikizi vilikuwa vigumu, safi, bila harufu. Kwenye kitako kila kimoja kilikuwa na uvimbe mweupe, ule unaoziba jeraha la kisu. Mizizi hakuna. Hata mmoja.

Kwangu huu ndio moyo wa kisa. Vilivyolowa kwenye baridi vilioza. Vilivyokaa vikavu kidogo kwenye baridi vilisubiri, havikuoza wala havikuota. Vilivyokaa vikavu kidogo na kupata joto miguuni viliota. Ukavu ulizuia kifo, joto lilileta mizizi, na hakuna kati ya hayo mawili lililofanya kazi ya mwenzake. Mtu anayepunguza maji peke yake mwezi wa Julai atafurahi kwamba havifi, kisha mwezi wa Septemba atajiuliza mbona havikui.

Sasa yale majani yaliyomdanganya mama. Jicho la tawi halihitaji joto jingi ili lifunguke, na halihitaji mizizi pia. Lina wanga wa mbao na maji yaliyomo ndani, likapata siku mbili tatu za jua, linachipua. Mzizi ni habari tofauti. Chembe za ndani ya shina, karibu na ganda, zinapaswa kwanza kugawanyika, zijipange upya, zitoboe ganda zitoke nje. Homoni inayoziamuru kufanya hivyo hutengenezwa zaidi kwenye machipukizi na majani machanga, ikashuka hadi kwenye kitako. Kazi hiyo yote huenda kwa mwendo wa joto la mahali pale. Kwa nyuzi 13 huenda polepole mno. Huku juu majani yanakula akiba na kupoteza maji, huku chini hakuna kinachorudisha. Mama aliona majani yananyauka kidogo, akaongeza maji. Alifanya kile ambacho kila mwenye huruma na mmea angefanya, na maji yale ndiyo yaliyowapa njia vijidudu vya Pythium, ambavyo mbegu zao huogelea kwenye maji yaliyojaa udongoni na kuingilia palipokatwa.

Paketi za maziwa zilizidisha tatizo, na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu karibu kila kitalu cha barabarani kinazitumia. Chombo chochote chenye udongo, hata kikiwa na matundu, hubakisha chini tabaka lililojaa maji baada ya kumwagiliwa. Unene wa tabaka hilo hutegemea udongo, si urefu wa chombo. Maana yake ni kwamba kwenye chombo kirefu tabaka hilo ni sehemu ndogo, na kwenye paketi fupi ya nusu lita linaweza kufika hasa pale kitako cha kipandikizi kilipo. Udongo mwekundu wa upande huu wa Nairobi hupitisha maji vizuri shambani. Ukiuponda, ukauchanganya na samadi laini, ukaushindilia kwenye paketi, unashika maji kwa siku nyingi. Wala kipandikizi kisicho na mizizi hakina haja na samadi. Hakina mdomo wa kuilia bado.

Na neti. Neti ile iliwekwa kwa ajili ya jua kali la Januari na Februari, na kwa miezi hiyo ni sahihi. Julai, wakati mawingu yenyewe ni neti, ilikuwa inanyang'anya udongo joto kidogo la mchana ambalo ungepata. Tuliitoa siku ileile.

Kuhusu joto, nilimweleza mama jambo ambalo wengi wetu tunaishi karibu nalo bila kulitumia. Kutoka mashamba ya Kenya hupakiwa kwenye ndege vipandikizi visivyo na mizizi vya jerania na mimea mingine ya mapambo kwenda Ulaya. Vinafika kule wakati wa majira ya baridi, theluji iko nje, na vinaota. Wakulima wa kule hawasubiri hewa ipate joto. Wanapasha meza au kitanda ambamo vyombo vimekaa, kwa mabomba ya maji moto au nyaya za umeme, hadi kitako cha kipandikizi kifike nyuzi 20 na zaidi, huku hewa ya juu ikiachwa baridi kidogo kwa makusudi. Juu pakiwa baridi machipukizi yanachelewa na hayali akiba. Chini pakiwa na joto mizizi inatangulia. Kitalu cha mama kilikuwa kinyume cha hayo: joto la mchana likigusa matawi, na miguu ikikaa kwenye sakafu ya udongo baridi.

Waya wa umeme kwa kitalu kisicho na stima si ushauri, ni kejeli. Lakini Ngong Road ina farasi. Samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu ya kulalia hupata moto yenyewe ikirundikwa, na wakulima wa nchi baridi waliitumia kupashia vitalu vyao karne nyingi kabla ya umeme. Mazizi mengi hufurahi mtu akija kuichukua. Kuna mazizi yanayotandika pumba za mbao badala ya majani. Hiyo haichemki vizuri, tuliiacha.

Tulijenga kitanda juu ya ardhi kwa mawe na mbao zilizochakaa, kina chake sentimita 60 hivi, ili kisiibiwe joto na udongo wa chini. Samadi ililoweshwa kidogo, ikarundikwa, ikageuzwa mara moja. Siku za kwanza ilipanda juu ya nyuzi 50, na hapo kuna hatari mbili: joto hilo linaunguza kitako, na hewa ya amonia inayotoka inaunguza machipukizi. Mama alitaka kupanda mara moja kwa sababu ya oda. Tulisubiri. Kipimajoto kiliposhuka tukafunika samadi kwa tabaka la mchanga la sentimita 10 na zaidi, tukazika vyombo ndani ya mchanga huo hadi shingoni, na vitakoni mwa vyombo pakasoma kati ya 22 na 25. Joto lilipoanza kupungua baada ya wiki kadhaa, samadi mpya ilirundikwa ubavuni mwa kitanda.

Vyombo vilibadilika: chupa za maji za lita moja na nusu, zilizokatwa shingo na kutobolewa chini, kwa sababu ni ndefu. Ndani yake hapakuwa na udongo wala samadi, ila mchanga wa mto uliooshwa, sehemu mbili, na kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu moja. Unga mpya ulinunuliwa ukiwa na kibandiko, wa asilimia 0.8, na kiasi kidogo kikamwagwa kwenye kifuniko kila mara badala ya kuchovya vijiti kwenye kopo lenyewe, maana unyevu unaharibu kopo zima. Kila kipandikizi kipya, vilivyokatwa Agosti, kilipewa chupa yake. Juu paliezekwa nailoni angavu iliyoinamishwa, kukinga manyunyu bila kuzuia mwanga. Maji yalitolewa saa nne asubuhi, kutoka kwenye dumu jeusi lililoachwa juani, na ni pale tu mchanga wa juu ulipokuwa umekauka. Kijana ndiye aliyekabidhiwa kipimajoto na daftari.

Na sheria moja ambayo mama aliiona ngumu kuliko zote: kutovuta. Mazoea ya kuvuta kipandikizi kidogo ili kujua kama kimeshika yanakata mizizi ya bogenvilia ikiwa bado nywele. Chupa angavu ilimpa cha kutazama. Unaichomoa mchangani, unaigeuza, mzizi ukifika ukutani unauona, kisha unairudisha ili mwanga usiikaushe.

Lilibaki suala la kamati. Hata kwa joto, bogenvilia ngumu inachukua kati ya wiki sita na kumi kuota mizizi, na baada ya hapo inahitaji miezi kadhaa kwenye kifuko kabla ya kuhimili ua wa barabarani. Oktoba haikuwezekana tena, na kwa maoni yangu haikuwezekana hata Juni, hata kama kisingeoza kijiti kimoja. Nilimshauri mama awaambie mapema badala ya kuwapelekea vijiti vyenye majani mwezi wa Oktoba. Alikwenda yeye mwenyewe, akabeba vilivyooza na vyenye mizizi, akawaonyesha. Wakakubali kungoja masika. Katibu aliuliza kama arbuni ingerudishwa ikishindikana tena, na mama akasema ndiyo.

Kufikia mwisho wa Septemba zambarau nyingi zilikuwa na mizizi. Nyekundu ziliota karibu nusu yake, jambo ambalo halikunishangaza. Kwa kawaida zambarau hushika kwa urahisi kuliko nyekundu na za rangi ya chungwa. Kwa kuwa oda ilikuwa ya nyekundu, mama alikata nyingine Oktoba jua lilipotulia, kwenye mchanga uleule na chupa zilezile, bila farasi, nazo zikashika vizuri kuliko za Agosti. Hilo limembadilishia kalenda: mbao ngumu sasa anazikata kuanzia mwisho wa Septemba, au Januari hadi Machi, na kitanda cha samadi amekiweka kwa dharura. Aprili kamati ilichukua miche yake. Walielekezwa wasiitoe kwa kuivuta: chupa ikatwe pande mbili ikiwa tayari ndani ya shimo, udongo ukishikana na mizizi.

Ile nyeupe yenye maua yaliyobanana haikuota, si kwenye baridi, si kwenye joto, si Oktoba. Kwa hiyo hatuikati tena. Tumechubua ganda la tawi lake likiwa bado mtini, upana wa vidole viwili hivi, tukapaka unga, tukafunga kokopiti yenye unyevu kwa nailoni na kamba pande zote mbili, ili mizizi iote tawi likiwa bado linalishwa na mama yake. Itakatwa mizizi ikionekana kupitia nailoni.